Jiwe Lililokunywa Maji

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, Alhamisi na Ijumaa. Jumapili asubuhi Shitewi alipitisha kiganja chake kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba yake, akakwangua kwa ukucha. Mchanga mwekundu ulitoka, lakini badala ya kumwagika ulimganda kidoleni. Jiwe lilikuwa bado limelewa maji.

Alilijua jambo hilo kabla hajajua kusoma. Baba yake, aliyewinda mbuzi wa milimani kwenye minara ile ya mwamba kwa miguu mitupu na bunduki mgongoni, alikuwa akisema jiwe la mchanga ni kama mkate: likikauka litakubeba, likilowa litakuachia vipande mkononi. Mvua ikinyesha, mlima upewe juma zima.

Mkwewe Mitib alikuwa tayari uani, akirusha mafungu ya kamba nyuma ya pikapu. Mitib alikuwa na miaka ishirini na sita, mwana wa marehemu ndugu yake Shitewi, mume wa binti yake Wadha. Kijiji kizima kilikuwa na wapandaji, lakini Mitib alipanda kama anayepanda ngazi za kwao. Alikuwa ametafuta njia mpya kwenye Mnara wa Kunguru, kule mbali kusini, ng'ambo ya vilima vya mchanga mwekundu, na alitaka kuipanda na kuipa jina kabla Lafi hajaiona. Lafi ndiye aliyekuwa mshindani wake katika kazi ya kuongoza wageni milimani.

"Ami, mbona unalipapasa jiwe kama tabibu?" Mitib aliuliza huku akicheka. "Lina homa?"

"Lina ubaridi."

"Kusini hakukunyesha sana. Upepo umepuliza jana kutwa." Akafunga mlango wa nyuma kwa goti. "Au unaogopa? Sema tu ami, si haya. Miaka hamsini na mbili si mchezo. Nitamchukua mwingine, wewe ukae na Wadha mchambue dengu."

Wadha, mimba yake ya miezi minane ikiwa imemtangulia, alisimama mlangoni na birika la chai, akatabasamu. Shitewi aliliona tabasamu lile. Halikuwa na kejeli, lakini yeye alilisoma kama kejeli. Neno alilokuwa nalo mdomoni akalimeza, akainama kuvaa viatu.

"Ondoa gari," akasema.

"Mnakwenda wapi nikiulizwa?" Wadha aliuliza.

"Waambie Mlima wa Magharibi," Mitib akajibu, akimkonyeza. "Lafi ana masikio marefu."

*

Saa saba za mchana walikuwa kileleni. Njia ilikuwa nzuri kweli, Shitewi hakuweza kuikana: ufa mmoja mwembamba uliopanda upande wa mashariki kama mshono wa kanzu, mita mia moja na hamsini. Jua lilikuwa limeupiga ukuta ule asubuhi yote na ngozi ya jiwe ilikuwa kavu. Mara mbili tu kipande kilimvunjikia mkononi, na mara zote mbili alinyamaza. Walikula tende, wakanywa maji, Mitib akapiga kelele za furaha mpaka kunguru wakaondoka.

Kisha wakaanza kushuka kwa kamba zao mbili ndefu. Mshuko wa kwanza uliwafikisha kwenye kibaraza cha jiwe ambacho watu watatu wangeweza kukaa. Hapo palikuwa na pembe ya mwamba imechomoza, nene kama kiuno cha ngamia. Mitib aliizungushia kitanzi cha utepe, akaivuta kwa nguvu, akaipiga teke.

"Hii ingemshikilia tembo," akasema.

Shitewi hakuipenda. Hakuweza kusema kwa nini, au pengine aliweza. Alichukua kamba yao ya zamani, fupi, ya mita ishirini, akamfunga nayo Mitib kiunoni, ncha ya pili akaipitisha kwenye tundu la jiwe nyuma yake na kuizungusha mgongoni mwake.

"Ami, umenifunga kama mbuzi wa sadaka."

"Teremka, usiniudhi."

Mitib aliegemea nyuma, miguu ukutani, akashuka hatua tano, sita, saba. Pembe ile ikang'oka. Haikupiga kelele kubwa. Ilitoa sauti kama ya mtu anayemega mkate, ikampita Shitewi karibu na goti, na kamba zote mbili ndefu zikaifuata zikipiga miluzi. Nyama yake ya ndani ilikuwa nyeusi kwa unyevu. Kamba fupi ikamkaza Shitewi mgongoni, ikamvuta hadi ukingoni, ikamchuna ngozi ya viganja. Aliishika. Halafu uzito ukapungua ghafla, na chini yake akasikia sauti ambayo hakuwahi kumsikia Mitib akiitoa.

Alikuwa amejipiga ukutani na kuangukia kibaraza kingine, chini ya kile cha kwanza kwa mita kumi hivi. Kilikuwa na upana wa mlango. Shitewi aliitoa kamba kwenye tundu, akashuka akijishikilia kwa vidole. Paja la kushoto la Mitib lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi.

"Limevunjika?" Mitib aliuliza. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Limevunjika."

"Sana?"

"Usiangalie."

Alimfunga mguu uliovunjika kwenye mguu mzima kwa vilemba vyao viwili. Mitib aliuma mkono wa kanzu na machozi yakamtoka bila sauti. Walipomaliza, Shitewi alihesabu walichobaki nacho, na hesabu haikuchukua muda: kamba ya mita ishirini, chupa moja ya maji iliyofika nusu, tende tisa. Simu ya Mitib ilikuwa imepasuka. Hata ingekuwa nzima, huku hakukuwa na mtandao. Chini yao palikuwa na mita themanini za ukuta mtupu, na mwisho wa ukuta pikapu yao nyeupe, ndogo kama kiberiti.

Hawakulala usiku ule. Walitetemeka tu hadi kukapambazuka.

*

Jumatatu jua lilichomoza likiwa limewaelekea wao, na kufikia saa tatu kibaraza kilikuwa kikaango. Shitewi alikaa upande wa nje ili kivuli chake kimwangukie Mitib. Alimpa maji kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kila jua liliposogea upana wa ngumi. Yeye mwenyewe alilamba kifuniko.

"Watakuja," Mitib alisema. "Wadha amekwisha kuwaamsha watu."

"Ndiyo."

"Watafuata alama za magurudumu."

Shitewi alikaza kifuniko cha chupa. Akamwona Mitib akikumbuka.

"Mlima wa Magharibi," Mitib akanong'ona. "Mungu wangu. Niliwaambia Mlima wa Magharibi, na Wadha mwenyewe sikumwambia tuliko."

"Wakitukosa huko watatafuta kwingine."

"Lini?"

"Mwanangu, tulia."

"Lini, ami? Kutafuta huko tu, siku mbili hazitoshi!"

Karibu na saa tano walisikia injini. Ilitoka mbali nyuma ya vilima, ikapanda, ikashuka, kisha gari likatokea, nukta moja inayovuta mkia wa vumbi. Shitewi alisimama, akavua kanzu yake, akaipunga huku akipiga kelele mpaka kitu kikamchanika kooni. Mitib naye alipiga kelele akiwa amelala chali. Gari lilikwenda moja kwa moja, likapita kati ya vilima viwili, likapotea. Vumbi lilibaki hewani kitambo kirefu, nalo likatua.

Mitib alianza kucheka, kicheko kibaya.

"Lafi huyo," akasema. "Naapa ni Lafi, anatafuta njia yangu."

Adhuhuri mguu ulikuwa umevimba mpaka kitambaa kikazama kwenye nyama, na unyayo ulikuwa baridi. Shitewi aliubonyeza. Akauliza, "Unakisikia kidole changu hapa?" Mitib akasema, "Wapi?" Hapo ndipo Shitewi alipojua kwamba kungoja ni kumzika mkwewe polepole.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu alikuwa hapa, na neno lake alikuwa amelimeza mwenyewe kwa sababu kijana alimchekea. Kijana angesikia nini?

"Kuna njia upande wa kaskazini," akasema. "Njia ya wawindaji. Nitapanda hadi kibaraza cha juu, nizunguke, nishuke."

"Ile ya babu?" Mitib alimkazia macho. "Babu alisema njia ile ni ya kupandia tu, kushuka walitumia kamba. Wewe mwenyewe ulinisimulia. Hakuna aliyewahi kuishuka."

"Niliipanda nikiwa na miaka kumi na saba."

"Na sasa una miaka mingapi?"

"Jana uliijua hesabu hiyo vizuri."

Mitib hakucheka. Alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo Shitewi hakujua kama bado anayo.

"Ami, usiniache. Tafadhali. Ukianguka nitakuona ukipita hapa. Halafu nitabaki na nani? Kaa. Tukifa tufe wawili, angalau watu watasema hawakuachana."

"Watu waseme watakavyo. Wadha atasema nini?"

Kijana aligeuza uso ukutani. Baada ya muda akalegeza mkono.

"Chukua kamba," akasema.

Kamba ilikuwa moja. Bila kamba Shitewi angeshuka na vidole vyake tu. Lakini Mitib alikuwa ameanza kusinzia na kushtuka, akiongea na watu wasiokuwapo, na kibaraza kilikuwa na upana wa mlango. Mara mbili Shitewi alikuwa amemvuta asibingirike. Alimzungushia kamba kifuani na kiunoni, akaikaza kwenye tundu la ukuta wa kibaraza hicho kwa fundo ambalo mtu mwenye homa asingeweza kulifungua. Akamwekea chupa ya maji mkononi, na tende zote isipokuwa moja.

"Unafanya nini? Nimesema chukua kamba!"

"Nimekufunga kama mbuzi wa sadaka," Shitewi akasema. Akavua viatu.

*

Mita kumi za kwanza alizipanda asijue alivyozipanda. Alizunguka kibaraza cha juu akikumbatia mwamba, na alipofika upande wa kaskazini baridi ikampiga usoni. Huku jua halikuwa limefika tangu mvua. Ufa wa wawindaji ulishuka mbele ya miguu yake, mpana wa mabega, mweusi ndani, na kutoka ndani yake kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Angekuwa mahali pengine angeifurahia harufu hiyo.

Alijibana ndani, mgongo upande mmoja na nyayo upande wa pili, akaanza kujiteremsha. Kila alipoweka mguu alingoja, akaupa uzito robo, akaupa nusu. Mchanga ulimwagika chini yake bila kukoma. Mara nyingine jiwe lote alilolikanyaga liliondoka taratibu kama mtu anayeinuka kitini, na yeye akabaki akisukuma kuta kwa mgongo na kusema jina la Mungu.

Njiani kulikuwa na ngazi za wazee, mawe waliyoyapachika ndani ya ufa kwa mikono ili wapate pa kukanyaga. Moja, mbili, tatu alizikuta. Ya nne ilikuwa mahali ambapo ufa unafunguka na ukuta unatoa tumbo. Alikumbuka baba yake akisimama juu ya ngazi ile na kumnyooshea mtutu wa bunduki aushike. Alishusha mguu wa kulia kuitafuta. Alishusha zaidi. Vidole vya mguu vilikuta hewa, vikakuta shimo laini, na ndani ya shimo tope.

Mvua ilikuwa imeichukua.

Hakuweza kurudi juu. Mapaja yalikuwa yameshaanza kucheza kama ya ndama aliyezaliwa leo. Chini ya tumbo la mwamba, kimo cha watu wawili na zaidi, kulikuwa na bamba la jiwe lililolala mteremko, na baada ya bamba hakukuwa na kitu. Alikaa pale amejibana. Ikamjia kwamba angeweza kukaa hivyo mpaka nguvu ziishe, na hakuna atakayejua kama alijitupa au alichoka. Wazo lile lilikuwa tamu kidogo. Lilimtisha kuliko shimo.

Kipande alichokishika mkono wa kushoto kiliamua kwa niaba yake. Kilimegeka. Alining'inia kwa mkono mmoja muda wa kuvuta pumzi moja, akaona bamba kati ya miguu yake, akaachia.

Alitua kwa magoti, akaanza kuteleza. Alichimba kwa vidole, kwa kidevu, kwa tumbo. Kucha tatu zilitoka na hakusikia maumivu, alisikia tu joto. Ukingo wa bamba ulipofika mapajani, jiwe lilikuwa na mikunjo midogo kama ya mchanga wa ufukoni, na mikunjo ile ikamkamata. Alilala kifudifudi akilia kwa sauti kama mtoto. Hakuna aliyemwona na hakuona haya.

Kutoka pale njia ilikuwa ya mbuzi. Alifika mchangani saa tisa.

Alikimbia, kama kule kuchechemea kwaweza kuitwa kukimbia, akauzunguka mnara hadi kwenye pikapu. Akashika mlango. Umefungwa. Akapeleka mkono mfukoni, na pale pale, mkono ukiwa mfukoni, akamwona Mitib jana asubuhi akifunga mlango, akirusha ufunguo hewani, akiudaka na kuutia mfuko wake mwenyewe.

Alipiga kioo kwa jiwe mara nne ndipo kikavunjika. Ndani mlikuwa na dumu la maji. Alikunywa, akatapika, akanywa tena polepole. Kisha akarudi nyuma mpaka akakiona kibaraza, akaweka mikono mdomoni.

"Mitib! Mitib ee! Ufunguo!"

Kimya.

"Mwanangu! Nimeshuka! Nirushie ufunguo!"

Aliita mpaka sauti ikabaki hewa tupu. Mwishowe mkono mmoja ulijitokeza ukingoni kule juu, mwembamba kama kijiti. Ulikaa vile. Kisha kitu kiling'aa kikiruka. Kiligonga ukuta mara moja, kikaruka, kikagonga mara ya pili, na Shitewi, aliyekuwa amenyoosha mikono yake yenye damu kama anayeomba mvua, akakiona kikitua kwenye kijukwaa cha jiwe juu sana ya kichwa chake. Kikatulia pale, kikimeta.

"Umeupata?" Sauti kutoka juu ilikuwa nyembamba.

Shitewi alifumba macho.

"Nimeupata!" akapaza sauti. "Nakwenda sasa! Usilale!"

Akavua kitambaa cha kiti, akafunga nyayo zake, akabeba chupa mbili za maji, akaanza kutembea kuelekea mashariki, akijua kwamba kijana kule juu atategea sikio mlio wa injini, na hatausikia.

*

Mama Nayif alikuwa mjane aliyechunga mbuzi wake peke yake katika bonde ambalo wenzake wote walikuwa wamelihama. Jua lilikuwa limebakiza mkono mmoja juu ya vilima alipomwona mtu anakuja akipepesuka. Alichukua bunduki kwanza. Alipomtambua aliiweka.

"Baba Wadha! Nani kakufanya hivi?"

"Mnara wa Kunguru," Shitewi akasema. "Mitib yuko juu. Mguu."

"Mmepanda Mnara wa Kunguru?" Alimtia kikombe cha maziwa mkononi, na alipoona vidole haviwezi kukishika akamnywesha mwenyewe. "Baada ya mvua ile? Mimi mwanamke wa mbuzi sijapeleka hata mbuzi wangu kwenye mawe tangu Ijumaa!"

Shitewi alimaliza maziwa.

"Nina simu, lakini mtandao uko kule juu ya kilima. Nimpigie nani?"

Alifikiri. Wapandaji wengi wa kijiji watakuwa Mlima wa Magharibi, wakiwaita yeye na Mitib kwenye mapango. Aliyebaki mwenye kamba na ujuzi alikuwa mmoja tu, na jina lake lilikuwa gumu kutoka.

"Lafi."

"Si hamsemezani?"

"Mama Nayif, mpigie."

Alimtazama kidogo, akapanda kilima akitukana ukoo mzima wa wanaume.

Lafi alifika alfajiri na wanaume wanne na kamba za kutosha kuufunga mnara mzima. Hakuuliza lolote. Alitazama mikono ya Shitewi, akamsaidia kuingia garini. Walipofika chini ya ukuta Shitewi alianza kujifunga mkanda wa kiuno, na Lafi akauchukua taratibu kutoka mikononi mwake.

"Wewe umekwisha kupanda, ami. Kaa hapa uniambie njia inapita wapi."

Kwa hiyo alikaa. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko ufa, kuliko bamba: kukaa mchangani na kutazama nyayo za watu wengine zikipanda. Waliita jina la Mitib kila baada ya muda, na mnara uliwajibu kwa sauti zao wenyewe. Saa mbili. Saa tatu. Jua likaanza kukichoma kibaraza. Lafi akafika, akajivuta juu, akapotea machoni. Shitewi alisubiri. Mmoja wa wanaume waliobaki chini alianza kusoma dua, na Shitewi akataka kumpiga.

Kisha kichwa cha Lafi kikatokea.

"Yu hai!" alipiga kelele. "Anasema nimekuja kumwibia njia yake!"

*

Hospitalini Akaba madaktari waliukata mguu juu ya goti. Walisema ungefika jana yake pengine wangeuokoa, na walisema pia kwamba ungefika kesho yake wangekuwa wanaandika cheti. Mitib alimsimulia kila aliyemtembelea jinsi mkwewe alivyomwachia kamba na kushuka njia ya babu kwa mikono mitupu. Watu walikuja kumshika Shitewi bega. Wazee walimsomea mashairi ya ushujaa. Kila bega liliposhikwa alihisi kama anavikwa kanzu ya mtu mwingine.

Siku ya nne Wadha alimkuta kwenye benchi la ukumbini. Alikaa karibu naye kwa shida, mikono juu ya tumbo.

"Baba," akasema, "sijakushukuru bado."

"Usinishukuru."

"Ulimrudisha."

"Nililijua jiwe lina maji," Shitewi akasema. Aliangalia bandeji za mikono yake alipokuwa akiongea. "Nililigusa asubuhi ile kabla hatujatoka. Nilijua kama ninavyolijua jina lako."

Wadha aliinua uso.

"Kwa nini hukusema?"

"Aliniuliza kama naogopa. Nawe ulikuwa umesimama pale na birika."

"Basi?"

"Basi. Hakuna kingine."

Alingoja alie, au ampigie kelele. Binti yake alimtazama tu, kama mtu anayetazama kitu kilichoandikwa kwa herufi asizozifahamu. Halafu akainuka, akashika ukuta, akarudi chumbani kwa mumewe na kufunga mlango.

Mtoto alizaliwa baada ya majuma matatu, msichana. Shitewi aliambiwa na majirani. Hakuitwa kumwadhinia sikioni. Lafi ndiye aliyeitwa. Mitib aliporudishwa nyumbani, nyumba iliyo hatua mia moja kutoka kwake, Shitewi alipeleka mbuzi wa kuchinja, na mbuzi alipokewa mlangoni na mama mmoja wa jirani aliyemwambia kwamba wenyewe wamelala. Hakurudi tena. Asubuhi alichemsha kahawa, akainywa peke yake, akatazama mlango ule kwa mbali ukifunguka na kufungwa. Mikono ilipona vibaya. Vidole viwili havikukunjika tena. Watu waliacha kumshika bega. Hakujua kama Wadha alikuwa amewasimulia au wamechoka tu.

Siku ya arobaini na kitu tangu mtoto azaliwe, mchana, kivuli kiliingia mlangoni mwake. Wadha alikuwa amembeba mtoto mgongoni na amekonda.

"Anataka kutoka nje," akasema. Hakusalimia. "Miezi miwili anatazama dari. Magongo yake hayajafika, na mimi siwezi kumwinua peke yangu."

Shitewi aliinuka upesi mno, kikombe kikapinduka.

"Sijaja kwa jambo lingine," Wadha akasema.

"Nimesikia."

"Usiongee naye habari za milima. Akianza yeye, nyamaza."

"Sawa, mwanangu."

Alikuwa amegeuka tayari. Alitembea mbele, haraka, bila kutazama nyuma, na Shitewi akafuata hatua tano nyuma yake. Kisogo cha mtoto kilicheza juu ya mgongo wa mama yake, nywele nyeusi zimesimama. Walipofika kwenye seng'enge ya zizi, Wadha aliinua sketi, akavuka. Kisha akasimama, mgongo ukiwa bado umemwelekea baba yake, akaukanyaga waya wa juu kwa kiatu na kuushikilia chini mpaka baba naye akapita.